Nani Aliyesema Hapana? Kadi za Benki na Kazi za "Watu Wazima" Mtandaoni

Bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye amekuwa somo wa mabiharusi, yaani mfunzi wao wa mambo ya ndoa, kwa zaidi ya miaka thelathini, alipanda ngazi za ofisi yangu hapa Mwembe Tayari akiwa na simu mkononi na mjukuu wake nyuma. Baada ya shikamoo na marahaba aliniwekea simu mezani nisome barua pepe yenye sentensi mbili: ombi lake la kupokea malipo ya kadi limekataliwa kwa kuwa biashara yake imo katika kundi la "maudhui ya watu wazima", na uamuzi huo ni wa mwisho. Hapakuwa na jina la aliyeandika. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "haya matusi yangu ni yepi?"

Anachouza ni mafunzo ya sauti, masomo kumi na mawili, yanayoanzia kusaga singo na kufukiza nguo udi, yakapitia kutunga kikuba na namna ya kukaa na mawifi, kisha yakaishia na masomo mawili juu ya unyumba. Hakuna picha hata moja. Wanunuzi wake ni mabinti wa kwetu waliozaliwa Toronto, Muscat na London, ambao hawana shangazi wa karibu wa kuwafunza. Kazi yenyewe ni ileile iliyofanywa na masomo wa Mombasa chumbani, mlango ukiwa umefungwa, ila sasa imetiwa ndani ya simu.

Mimi nilifanya kazi miaka tisa katika kitengo cha kadi cha benki moja ya barabara ya Nkrumah kabla ya kuanza kuwashauri wafanyabiashara wadogo kuhusu malipo, kwa hiyo barua ile haikunishangaza. Kilichonishughulisha ni lile swali la bibi, kwa sababu ukilifuatilia kwa dhati, yaani ukamtafuta mtu hasa aliyesema hapana, humpati.

Binti wa Muscat anapolipa kwa kadi, fedha hupitia mikono mingi kuliko anavyodhani. Ipo benki iliyompa kadi, upo mtandao wa kadi, ambao mara nyingi ni Visa au Mastercard, ipo benki inayopokea fedha kwa niaba ya muuzaji, kisha yupo wakala wa malipo kama Stripe au PayPal anayeunganisha benki hiyo na tovuti, na mara nyingi lipo pia jukwaa ambalo muuzaji amepanga humo kama mtu aliyekodi kibanda sokoni. Visa na Mastercard hawana mkataba wowote na somo wa Mji wa Kale. Mkataba wao ni na benki. Benki ndiyo yenye mkataba na wakala, na wakala ndiye mwenye mkataba na jukwaa, na kanuni iliyotungwa juu hushuka mkataba kwa mkataba mpaka kumfikia mwenye bidhaa. Mtandao ukitoza faini, huitoza benki, nayo benki humgeukia wakala. Ndiyo maana kila anayeipokea kanuni huikaza kidogo kabla ya kuiteremsha, ili akiwa na shaka awe upande salama. Bei ya samaki hupanda hivyohivyo kutoka chomboni hadi mezani kwa mpishi, lakini katika mnyororo huu kinachoongezeka ni woga.

Chombo cha kwanza cha woga huo ni tarakimu nne. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi hupewa msimbo wa aina ya biashara yake, na kazi za watu wazima huwekwa chini ya 5967, msimbo ambao jina lake rasmi halitaji mapenzi popote, bali linahusu uuzaji kwa njia ya simu anazopiga mteja. Ukiingizwa humo umekuwa mtu wa hatari: benki lazima ikusajili kwa mtandao wa kadi kwa ada ya mamia ya dola, makato ambayo kwa duka la kawaida la Marekani ni kama asilimia 3 hufika asilimia 10 na kupita, na sehemu ya mauzo yako, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, huzuiliwa kwa miezi kadhaa kama dhamana.

Hatari hiyo si ya kubuni yote. Mwenye kadi ana haki ya kukana malipo na kurejeshewa fedha, na katika biashara hii watu hukana sana: mume anaulizwa na mkewe juu ya mstari fulani kwenye taarifa ya benki, anaapa si yeye, na kesho yake anapiga simu benki kuomba fedha zirudishwe. Nimezisoma barua za namna hiyo, nyingine zimeandikwa kwa ufasaha wa kuonea huruma. Malipo yaliyokanwa yakikaribia au kupita asilimia 1 ya miamala, muuzaji huanza kufuatiliwa, na benki ikimfungia akaunti kwa makosa mazito huweza kumtia katika orodha ya Mastercard ambayo benki nyingine huitazama kabla ya kumpokea mtu, na humo jina hukaa miaka 5.

Hata hivyo, hesabu ya marejesho peke yake haielezi yaliyotokea miaka ya karibuni. Mwezi Desemba 2010 mitandao ya kadi na PayPal ilikata njia za kuichangia WikiLeaks, tovuti ya kuchapisha nyaraka za siri, na pale hapakuwa na suala la uchi. Mwaka 2015 mkuu wa polisi wa kaunti ya Cook, iliyo na jiji la Chicago, aliziandikia Visa na Mastercard barua kuhusu matangazo ya ngono katika tovuti ya matangazo ya Backpage, na katika siku chache zote mbili zikajitoa. Mahakama ya rufaa ilisema baadaye mwaka huohuo kuwa afisa wa serikali hawezi kutumia vitisho kuzima kwa mlango wa nyuma maneno ambayo sheria inayalinda. Somo walilolipata wengine lilikuwa jepesi: huhitaji bunge wala hakimu, unahitaji anwani ya kampuni ya kadi.

Sipendi kuieleza habari hii kana kwamba kila aliyebisha hodi kwenye kampuni za kadi alikuwa mbaya. Desemba 2020, baada ya gazeti la New York Times kuchapisha makala kuhusu video za watoto na za watu waliobakwa katika Pornhub, tovuti ya video za ngono, Visa na Mastercard zilisimamisha malipo, na ndani ya siku chache tovuti hiyo iliondoa mamilioni ya video ambazo waliozipandisha hawakuwa wamethibitishwa. Waathiriwa walikuwa wamelilia hilo kwa miaka bila kusikilizwa. Mastercard ilifuatisha kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2021: tovuti ya watu wazima iwe na ushahidi wa umri, utambulisho na ridhaa ya kila anayeonekana, maudhui yakaguliwe kabla ya kutolewa, na malalamiko yashughulikiwe ndani ya siku 7 za kazi. Ningeulizwa, ningezipitisha kanuni hizo karibu zote, maana zinamlinda mtu aliye ndani ya picha.

Kanuni ninayoikataa ni nyingine, na imo katika kitabu cha Mastercard kwa nambari 5.12.7. Inakataza miamala iliyo kinyume cha sheria pamoja na ile inayoharibu jina la kampuni. Inagusa kwanza vitu vinavyochukiza waziwazi na visivyo na thamani ya dhati ya kisanaa, ikitoa mifano ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeitetea, kama picha za unyonyaji wa watoto kingono, kisha inamalizia kwa kitu chochote kingine ambacho kampuni itaona hakifai kuuzwa chini ya alama yake. Mkia huo wa mwisho ndio wenye nguvu yote. Mwanasheria wa benki akiusoma, hajiulizi kama kitu fulani ni halali, bali anajiuliza kama kuna mtu popote duniani anayeweza kukifanya kiwe habari ya aibu. Na tangu Julai 2022, pale mahakama ya shirikisho huko California ilipokataa kuiondoa Visa katika kesi ya mwanamke ambaye video yake akiwa mtoto ilikuwa imewekwa Pornhub, mwanasheria huyo ana sababu ya ziada ya kukosa usingizi.

Julai 2025 mnyororo mzima ulionekana kwa macho. Kundi la wanaharakati la Australia liitwalo Collective Shout liliziandikia kampuni za malipo barua ya wazi kuhusu michezo ya kompyuta yenye maudhui ya ubakaji. Katikati ya mwezi, duka la Steam lilitangaza kanuni ya kuzuia kitu chochote kinachoweza kuvunja masharti ya mawakala wa malipo na mitandao ya kadi, likaondoa michezo mingi, na tarehe 24 jukwaa la Itch.io, ambalo ni dogo na halina uwezo wa kukagua kila kitu kwa usiku mmoja, lilificha kutoka kwenye utafutaji wake kurasa zote zilizokuwa na alama ya watu wazima. Tarehe 1 Agosti Mastercard ikasema kuwa haijakagua mchezo wowote wala kudai zuio lolote. Valve, kampuni yenye Steam, ikajibu kuwa ni kweli Mastercard haikuzungumza nayo, ingawa iliomba mazungumzo hayo, ila mawakala wa malipo ndio waliokuja, na walichokitaja kilikuwa kanuni ya 5.12.7. Stripe nayo iliieleza Itch.io kuwa masharti yanatoka kwa benki washirika wake. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole.

Ziliathirika pia kazi za makuchu, yaani wapenzi wa jinsia moja na wenzao, na sababu yake yafaa kuelezwa bila haraka. Itch.io ni mahali ambapo wasanii wengi wa makuchu huuza michezo midogo, vitabu vya picha na mashairi, kwa kuwa wachapishaji wakubwa hawawapokei. Wasanii hao wamezoea kulaumiwa, kwa hiyo hujihadhari kuliko wengine, na mtu hutia alama ya watu wazima kwenye hadithi ya wasichana wawili wanaoshikana mikono ili asije mzazi akalalamika. Siku ya kuficha kurasa ilipofika, uangalifu huo ndio uliowaponza. Kijana mmoja mchoraji, ambaye sitasema hata upande gani wa kivuko anaishi, alinijia mwaka huo na tatizo la namna hiyohiyo katika jukwaa jingine. Kitabu chake kina kurasa 32, na mhusika aliye karibu zaidi na uchi ni mvuvi aliyevua shati. Alipoondoa neno "kuchu" kwenye maelezo ya kitabu, ukurasa wake ulirudi, lakini wasomaji waliokuwa wakiutafuta kwa neno hilo hawakuuona tena.

Watu wa hapa huniambia kuwa kwa Kenya jambo hili ni la sheria, si la kadi. Ni kweli kwamba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini vifungu hivyo vinazungumzia tendo, havizungumzii hadithi wala mchoro, na Mahakama ya Juu, tarehe 24 Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kuwa kulinyima usajili shirika la kutetea haki za watu hawa ni ubaguzi. Kuhusu uchapishaji wa vitu vya aibu kuna kifungu cha 181, na mtu akishtakiwa kwacho hupelekwa mbele ya hakimu, akasikia shtaka, akaleta wakili. Mchoraji wangu hakupata hata barua yenye jina la mtu.

Ushauri wa pili ninaopewa barazani ni kwamba tutumie M-Pesa. Kwa mteja wa Kongowea au Kisauni, sawa, nambari ya tili yatosha, na somo wangu anayo. Ila binti wa Toronto hana M-Pesa, na mwenye M-Pesa anayetaka kununua kwenye tovuti ya ng'ambo hutumia GlobalPay, kadi ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ushirikiano wa Safaricom na Visa, kwa hiyo tumezunguka tukarudi palepale. Sarafu za kidijitali sizitaji kwa wateja wangu, kwani anayemlipa bibi kwa njia hiyo angehitaji somo wa kumfunza kulipa kwanza.

Kazi iliyonibakia kwa bibi ilikuwa ya karani. Sikukubali kumficha, kwa kuwa kuuza kitu chini ya msimbo usio wake ni kosa linalomtia mtu kwenye ile orodha ya miaka 5. Swali langu kwa wakala lilikuwa la haki kabisa: mafunzo ya sauti yanayotolewa na mwalimu kwa wanafunzi wanaojiandikisha yanakuwaje 5967 badala ya 8299, ambao ni msimbo wa shule na huduma za elimu? Wakala wa kwanza hakujibu. Wa pili aliuliza kama masomo mawili ya mwisho yanaweza kutolewa.

Nilimfikishia bibi swali hilo nikitarajia hasira. Alicheka, akasema masomo hayo mawili hata zamani hayakuwa yakisemwa mbele ya watu, basi atayafunza kwa simu, mmoja mmoja, bure, kwa kila aliyemaliza kumi ya kwanza. Mjukuu wake akauliza kama tungemjulisha wakala kuhusu simu hizo. Nikamwambia fomu ina kisanduku cha kueleza bidhaa inayouzwa, na cha bure hakiulizwi. Ombi liko kwa wakala wa tatu tangu Jumatatu, masomo kumi, msimbo 8299.