Mzigo Kutoka Ng'ambo Hadi Kigoma: Karatasi Ndiyo Inayoamua

Mama mmoja mkazi wa Gungu, hapa mjini Kigoma, alifika kwenye dawati letu la elimu ya forodha akiwa na simu mkononi, akanionyesha ujumbe uliosema kwamba kifurushi chake kimeshaingia nchini. Kaka yake anayeishi Marekani alikuwa amemnunulia cherehani ndogo ya umeme kwenye duka la mtandaoni na kulipia usafiri, na tangu ujumbe ule uingie zilikuwa zimepita wiki tatu. Tulipopata picha ya karatasi iliyobandikwa juu ya boksi, tuliona tatizo lilipo: mahali pa kueleza bidhaa paliandikwa neno moja tu, "zawadi", mahali pa thamani paliachwa wazi, na anwani ilikuwa jina lake na neno "Kigoma", bila kata wala namba ya simu. Boksi lilikuwa limevuka bahari salama, likaja kukwamishwa na mistari mitatu ya maandishi.

Watu wengi wa mkoa huu huamini kwamba mizigo yao huchelewa kwa sababu Kigoma ni mbali. Umbali upo kweli, maana Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi hapa ina zaidi ya kilomita 1,200, lakini kwa uzoefu wangu boksi lenye karatasi kamili hufika, na lisilo na karatasi kamili hukwama hata kama mwenyewe anaishi Kariakoo. Kwa hiyo maelezo haya nayaelekeza kwa wote wawili: wewe uliye ng'ambo unayeagizia ndugu zako, na wewe uliye hapa, mwenyeji au mgeni wa kikazi, unayebonyeza kitufe cha kulipa.

Vifurushi vinavyopita posta hubandikwa fomu ya tamko la forodha, ambayo ni CN22 kwa vile vidogo vya thamani ndogo na CN23 kwa vile vikubwa zaidi, na anayeijaza ni mtumaji. Maelezo ya bidhaa yaandikwe kama mtu anayemweleza asiyeweza kuona ndani ya boksi: "cherehani 1 ya umeme, mpya" yanatosha, ilhali "zawadi" au "vitu binafsi" hayamwambii ofisa chochote, na ofisa asiyeambiwa kitu hulazimika kufungua boksi na kukadiria mwenyewe. Thamani iwe ile iliyolipwa, na ankara ya duka iwekwe ndani ya boksi, nakala yake ibaki kwenye simu ya mpokeaji. Ninajua wapo wanaoshauriana kuandika dola 10 kwa kitu cha dola 200, wakidhani wanamsaidia ndugu yao. Hawamsaidii. Tamko la uongo ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na anayesimama mbele ya ofisa kujibu maswali ni mpokeaji.

Kuhusu anwani, duka la nje hudai namba ya posta, na wengi huijaza sufuri tano ili fomu ikubali. Namba zetu zipo: za Mkoa wa Kigoma huanza na 47 na za Tabora huanza na 45, zote zikiwa na tarakimu tano, na kila kata ina yake. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba. Ziandike, kisha ongeza sanduku la posta kama unalo na namba ya simu inayoanza na +255. Namba ya kufuatilia mzigo wa posta ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi ilikotoka, kama CN kwa China au GB kwa Uingereza. Ukipewa namba isiyo na umbo hilo, muulize muuzaji mzigo unasafirishwa na nani hasa.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Bei iliyo kwenye kioo cha simu ni ya duka, nayo haina kodi za hapa nchini. Kwa mzigo unaokuja kwa meli, forodha hujumlisha bei ya bidhaa, bima na nauli hadi bandarini, na jumla hiyo ndiyo inayotozwa ushuru kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya, ambavyo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 0, 10 au 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa kama samani na vitu vya ngozi. Tuseme umenunua kitu cha shilingi 220,000 kilicho kwenye kundi la asilimia 25, nauli ni 70,000 na bima 10,000. Jumla ni 300,000, na ushuru wake ni 75,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 haipigwi kwenye zile 300,000, hupigwa kwenye 375,000, yaani baada ya ushuru kuingia, nayo ni 67,500. Hapo tayari unadaiwa 142,500, kabla ya tozo nyingine za forodha na malipo ya wakala. Ifanye hesabu hiyo kabla ya kulipa dukani. Mara nyingine utagundua kwamba kitu hichohicho ni nafuu sokoni Mwanga, hapahapa mjini.

Msamaha wa ushuru kwa vitu vya hadi dola 500, unaozungumzwa sana mitaani, ni wa abiria aliyekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24 na kurudi na vitu hivyo katika mizigo yake mwenyewe. Kifurushi kilichotumwa peke yake hakina abiria, hivyo usikitegemee kupata msamaha huo.

Zipo bidhaa ambazo kulipa kodi hakutoshi. Dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na wageni wanaofanya kazi huku ambao wamezoea kuagiza dawa zao kutoka kwao wanapaswa kuuliza kwanza. Nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kabisa. Mbegu na miche huhitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ilikotoka, na jambo hili linaniuma kwa sababu wakulima wetu hutamani mbegu za michikichi wanazoziona mtandaoni, ilhali mbegu bora za aina ya Tenera huzalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapahapa Kigoma. Mbegu moja yenye ugonjwa inaweza kuharibu mashamba ambayo familia zimeyategemea kwa vizazi.

Tumrudie mama wa Gungu. Kaka yake alimtumia ankara, thamani ikajulikana, akalipa na boksi likatolewa. Nilimwomba tuligeuze cherehani lile kabla hajaenda kulichomeka, na chini yake palikuwa na kibandiko kidogo cha fedha kilichoandikwa 120V 60Hz. Umeme wetu ni volti 230 kwa Hezi 50. Angelichomeka siku ile, mota ingeungua papo hapo. Chaja nyingi za simu na kompyuta huandikwa 100-240V, na hizo hazina shida zaidi ya umbo la plagi, lakini vitu vya mota na vya joto vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani, au la Japani lenye volti 100, vinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Hata hiyo transfoma hubadili volti tu, haibadili Hezi. Muulize ndugu yako asome kibandiko hicho kabla hajanunua, na akupigie picha yake.

Wakati mama huyu akisubiri, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa wa forodha, akamtaka atume shilingi 80,000 kwenye namba ya simu ili mzigo "uachiliwe leo". Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au mtandao wa simu, na hayaendi kwenye namba ya mtu binafsi. Ndivyo ilivyo pia kwa yule rafiki wa mtandaoni anayedai amekutumia kompyuta na fedha taslimu ndani ya boksi, kisha "wakala" anapiga akidai ushuru wa boksi ambalo halipo. Mama hakutuma kitu. Aliituma namba ile kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha akaja dawatini kuuliza.