Faili la kufuli ni nini, na kwa nini linawasumbua mnaotumia Access kwenye rimoti desktopu

Ukifungua databesi ya Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza data, hebu angalia folda ilimo, utaona kuna kafaili kadogo kametokea pembeni yake, jina lile lile ila mwisho ni .laccdb, au .ldb kama ni zile za zamani za .mdb. Hilo ndo faili la kufuli. Ni kama daftari la mlinzi getini: kila anayeingia anaandikwa jina la kompyuta yake na jina analotumia kwenye databesi, na programu inalitegemea ili watu wawili wasije kuandika juu ya rekodi moja kwa wakati mmoja. Wa mwisho akitoka linafutika lenyewe.

Sasa Access ilitoka 1992, enzi hizo kompyuta moja ni mtu mmoja, na akili hiyo bado imo ndani yake. Kwenye rimoti desktopu, yaani kila mtu anafungua dirisha la kompyuta ya mbali na kufanyia kazi humo, watu kumi na tano mmekaa ndani ya kompyuta hiyo moja, seva, kwa hiyo ukilifungua hilo faili kwa Notepad unakuta jina la seva limejirudia rudia na pembeni Admin, Admin, Admin, maana databesi ambayo haijawekewa mayuza wake inamwita kila mtu Admin. Majina yapo lakini hujui nani ni nani.

Hii ilinitesa kwenye duka moja la spea. Kila asubuhi kijana wa stoo akitaka kuikompakti databesi, yaani kuibana ipungue ukubwa, anaambiwa faili linatumika na mtu mwingine, na ofisini yuko peke yake. Nikafungua Task Manager kwenye seva, upande wa Users, nikaona jina la dada wa mahesabu limeandikwa Disconnected, na chini yake Access inaendelea kukimbia tangu jana jioni. Kumbe akimaliza kazi anabonyeza X ya dirisha la rimoti anaenda zake. X haikutoi, inakata mawasiliano tu, programu inabaki imeshikilia faili usiku kucha.

Ukikuta hivyo tafadhali usikimbilie kuua sesheni, yaani kumtoa kwa nguvu kwenye seva, huenda kuna ingizo limeachwa katikati na databesi inaweza kuharibika. Mpigie simu kwanza, aingie tena, aifunge programu, halafu a-sign out. Faili la kufuli lenyewe likibaki na huku kweli hakuna mtu ndani, ni mabaki tu, lifute. Likikataa kufutika basi kuna mtu bado yumo.

Angalia na ruhusa za folda, kila yuza lazima aweze kuunda na kufuta mafaili humo, si kuandika tu, la sivyo kufuli halitengenezwi na wa kwanza kuingia anawafungia wenzake nje.

Na hili naliona sana: ikoni moja kwenye desktopu ya wote, inayofungua faili moja la fomu na ripoti. Igawe databesi, data ibaki sehemu moja, ila faili la fomu kila mtu awe na kopi yake kwenye profaili yake mwenyewe, yaani folda zake binafsi humo kwenye seva. Kuwa kwenye seva moja hakuondoi hitaji hilo, ikiharibika kopi ya mmoja unampa nyingine na wenzake hawasimami kazi.