Sheria ya Forodha Ni Moja, Kiwango Si Kimoja

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na dada mmoja wa hapa Namanga, upande wa Tanzania, anayetaka kuagiza mchele: "Kaka, si Jumuiya ya Afrika Mashariki ni moja? Mbona Mkenya alipe ushuru dola 200 kwa tani, mimi nitajiwe 345?" Keshaamua kwamba afisa anamwonea. Hapana! Afisa anafuata sheria, na sheria hiyohiyo ndiyo iliyoruhusu tofauti.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 haisubiri kupitishwa Dodoma wala Nairobi. Inatumika moja kwa moja. Watu huishia hapo, wakalisahau Gazeti la Jumuiya, chapisho lake rasmi la matangazo ya kisheria. Kila mwaka kabla ya bajeti mawaziri wa fedha hukutana, na nchi inaweza kuomba isitumie kiwango cha pamoja, yaani ushuru mmoja wa Jumuiya kwa bidhaa zitokazo nje yake, kwa bidhaa fulani, kwa kawaida mwaka mmoja kuanzia 1 Julai. Ikikubaliwa na kuchapishwa, nayo ni sheria ya Jumuiya.

Nikamwandikia hesabu nyuma ya ankara yake. Mchele wa Pakistani, tani dola 400 mpaka bandarini. Kiwango cha pamoja ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa: 345. Kenya, ambayo mchele inaolima hautoshi watu wake, kwa miaka imeruhusiwa asilimia 35 au dola 200: 200. Kwa tani 25, tofauti ni dola 3,625. Kupitishia Mombasa hakuokoi kitu, maana ndani ya Himaya Moja ya Forodha ushuru hutozwa kwa nchi mzigo unakokwenda. Cheti cha uasili, kinachothibitisha bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya? Hicho ni cha mchele wa Mbarali, kwetu Tanzania, si wa Karachi.

Zamani nikiwaambia wateja kwamba ruhusa hizi ni za dharura. Siku hizi ulimi unakuwa mzito. Ombi linalorudi kila mwaka si dharura tena, na kiwango hicho sijui niendelee kukiita "cha pamoja" kwa haki gani. Lakini pia siwezi kumwambia mkulima wa Mbarali akubali dola 200 ili tufanane.

Yule dada alikuwa na picha ya Gazeti kwenye simu. Nikaikuza: la mwaka jana. Ruhusa zake ziliisha 30 Juni. Kabla hujamtumia muuzaji hela, tafuta la mwaka huu, na usome kwanza jina la nchi kwenye mstari wa bidhaa yako.