Koni na bendera sio mpango: dhana potofu kuhusu makutano yanayojengwa upya

Nipo Dodoma, nafanya kazi za saiti za barabara, na kila makutano makubwa yakitaka kufumuliwa nasikia maneno yaleyale kuhusu mpango wa kupitisha magari ujenzi ukiendelea, kijiweni, kwenye daladala, mpaka ndani ya vikao. Niyaweke sawa machache maana haya mambo yanaua watu.

"Mpango wa magari ni koni na mtu wa bendera, mengine mkandarasi ataona hukohuko." Hapana kabisa. Kujenga porini ni jambo moja, kufumua makutano yanayopitisha magari kila dakika ni jambo lingine. Pale Ubungo, Dar, barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma ziliendelea kutumika huku flaiova inapanda juu ya vichwa vya watu mpaka ikafunguliwa Februari 2021, na hufiki hapo kwa kubahatisha. Kazi inakatwa awamu, unajenga pembeni kwanza, unahamishia magari pale, ndio unabomoa katikati, na kila awamu ina mchoro wake unaoonyesha leni ngapi zinabaki, zina upana gani, ambulensi inapita wapi. Ukikosea mpangilio unakuja kukuta nguzo imesimama palepale magari ya awamu inayofuata yalipotakiwa kupita.

"Koni kumi zinatosha kubana leni." Hii ndio inaniuma zaidi. Alfajiri moja nilifika saiti upande wa njia ya Singida, sitaitaja ya nani, nikakuta koni zimepangwa hatua kama kumi na tano tu halafu leni nzima imeishia hapo, na kwenye lami kuna alama nyeusi za matairi ya semi zimenyooka mpaka ukingoni mwa shimo. Nilisimama pale miguu imeisha nguvu. Aliyepanga alimfikiria dereva wa mtaani anayejua kuwa pamechimbwa, wakati mpango unatungwa kwa ajili ya mgeni, yule wa semi anayeelekea Kigali saa nane usiku na Dodoma hajawahi kupita. Marekani wana kanuni nyepesi ya urefu wa mstari wa koni zinazobana leni, kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa kupanda juu unazidisha upana wa leni kwa mita na mwendo wenyewe, halafu unagawanya kwa 1.6. Leni ya mita 3.5, mwendo wa 80, unapata mita 175! Kwa mwendo wa 50 hesabu inabadilika, inatoka kama mita 56. Na hapo ni kubana tu, kabla yake kuna vibao vya tahadhari, na baada yake inaachwa nafasi tupu, hapawekwi mashine wala kokoto wala gari la injinia, hiyo nafasi ni ya aliyefeli breki.

"Anayenyoosha na leni inayofungwa mpaka mwisho ni mhuni." Kama kuna foleni, hapana. Magari yakijaa leni zote mbili halafu yakaingia moja moja kama zipu pale mwisho, mkia wa foleni unapungua karibu nusu na hauzibi kipilefti cha nyuma. Ujerumani hiyo ni sheria kabisa. Kwetu kiwekwe kibao kinachosema hivyo, watu wataacha kutukanana.

"Tufanye usiku, hakuna magari." Yanapungua kweli, ila yaliyobaki yanakimbia na madereva wana usingizi, na siku hizi mabasi nayo yanatembea usiku. Usiku bila taa na vibao vinavyoakisi ni bora usifanye.

"Hesabu ya magari ya siku moja inatosha." Kwa Dodoma? Hesabu Februari kisha uje Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, uone. Asubuhi mkondo wote unaenda Mtumba kwenye mji wa serikali, jioni unarudi, Agosti Nanenane wanamiminika Nzuguni ambako stendi kuu nayo ipo hukohuko. Mpango ambao haujui kalenda ya mji utakwama wiki ya kwanza.

Mchepuko nao, ile njia ya muda ya kuzungukia kazi, watu wanasema gereda lipite mara moja basi. Kiangazi vumbi linamficha hata mshika bendera kama boza la maji halipiti, na mvua zikianza Desemba panakuwa tope, semi moja inazama na mji mzima unasimama.

Halafu waenda kwa miguu. Mama mwenye beseni la zabibu kichwani hatazunguka nusu kilomita kwa sababu umemfungia njia, atakatiza katikati ya magari, kwa hiyo njia yake ichorwe tangu mwanzo, yenye uzio, pana kiasi cha kupita na toroli.

La mwisho, "vibao vya awamu iliyopita havina shida, viache." Kibao kinachosema uongo leo ndicho kinamfanya dereva apuuze cha ukweli kesho, kifunikwe au king'olewe siku hiyohiyo. Na mistari ya zamani ikwanguliwe, usiipake rangi nyeusi juu, maana ile nyeusi ikilowa mvua usiku inang'aa kwenye taa za gari na yule mgeni wa semi anaifuata.