Hakuna puto la gesi chini ya shamba lako

Tangu habari za kunasa hewa ukaa (kaboni dioksaidi) angani kwa mashine na kuizika ardhini zifike pande za Gilgil na Naivasha, kila baraza lina mtu wa kusimama na kusema: "Gesi itajaa huko chini kama puto, ipasuke, itumalize kama kule Kameruni." Nimechoka kuyasikia.

Ni kweli Ziwa Nyos la huko Kameruni liliua watu wapatao 1,700 mwezi Agosti 1986. Lakini pale hewa ukaa ya volkano ilikuwa imeyeyuka kwenye maji ya kilindini, na juu yake palikuwa na maji tu. Ziwa lilipovurugika, gesi ikafoka yote kwa mpigo. Basalti, yaani mwamba mweusi wa volkano, ya Bonde la Ufa haina ziwa ndani yake, ina vitundu na nyufa. Kule Hellisheiði, Iceland, ambako kuna mvuke wa ardhini kama Olkaria, gesi huyeyushwa katika maji kisha hushindiliwa mamia ya mita chini. Maji hayo yenye tindikali huuyeyusha mwamba, kalsiamu inatoka, inaungana na gesi, kinachobaki ni jiwe. Katika majaribio ya 2012, zaidi ya asilimia 95 ya gesi iligeuka jiwe kabla ya miaka miwili kwisha. Jiwe litavuja vipi?

Mkitaka cha kuogopa, ogopeni bomba. Februari 2020, karibu na Satartia, Mississippi, Marekani, mvua iliporomosha mteremko, bomba la hewa ukaa likakatika. Hakufa mtu, ila 45 walitibiwa hospitalini na magari yakazima njiani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Kwa hiyo ulizeni bomba litapita wapi, na usiku wa manane nani atawaamsha.

Barazani husemwa mengine pia. "Ni ile gesi ya jiko la mkaa inayoua." Siyo. Hiyo ni kaboni monoksaidi.

"Miti itakosa chakula." Hewa ukaa angani inazidi kuongezeka kila mwaka, mashine chache haziwezi kuimaliza.

"Vijana wote wataajiriwa." Kuchimba kisima cha kuzikia gesi kunataka watu wengi, kukiendesha kunataka wachache. Mimi ningeuliza maji kwanza. Njia ya Iceland hula takriban tani 25 za maji kwa kila tani ya gesi, na wao wana maji yanayobaki kwenye mtambo wa mvuke. Hapa Gilgil yatatoka wapi? Mwekezaji asiye na jibu la hilo kwa maandishi, msimpe hata nafasi ya kuegesha gari.