Kangaga kando ya josho la zamani

Masika yaliyopita mama mmoja wa kijiji nje ya Malindi alinipigia simu. Shamba lake limepakana na josho la ng'ombe lililoachwa zamani, na alikuwa ameambiwa kwamba akipanda mwarobaini sumu yote itakwisha. "Nipande mingapi, mwanangu?" Nilimwomba asipande kitu mpaka nifike.

Majosho ya zamani nayaogopa. Kabla ya dawa mpya za kupe kuanza kuenea miaka ya 1940, ng'ombe waliogeshwa kwa maji yenye aseniki, sumu ya kuua kupe. Aseniki ni elementi, haiozi wala haichakai, na ardhini haina harufu ya kukuonya. Nilichota udongo kuanzia ukingo wa shimo nikielekea shambani. Majibu ya maabara yalionyesha sumu imejaa pale ng'ombe waliposimama kuchuruzika maji, ikipungua kadiri nilivyosogea mbali.

Mwarobaini nikamwambia auache kwa homa. Mmea tunaoutaka ni kangaga mmoja, Pteris vittata, na si mgeni Afrika. Unapenda chokaa, ndiyo maana huota hata kwenye nyufa za kuta kuukuu. Jani lake limepangika vijani pande mbili mfano wa kuti la mnazi, na ukiligeuza utaona mstari wa hudhurungi pembeni mwa kila kijani. Mwaka 2001 mwanasayansi Lena Ma na wenzake walieleza jinsi walivyoukuta Florida, Marekani, ukistawi mahali palipochafuliwa na dawa ya kuhifadhia mbao. Majaribio yao yalionyesha kilo moja ya majani makavu inaweza kubeba zaidi ya gramu 20 za aseniki.

Siri iko mizizini. Aseniki ya udongo mkavu inafanana sana na fosfeti, chakula cha mmea, kwa hiyo huingia kwa mlango uleule. Mimea mingi huiacha mizizini au hufa. Kangaga huu huipandisha juu na kuifungia kwenye vifuko vya ndani ya seli za majani.

Sasa, hapa ndipo watu wanapokosea. Sumu haijafa, imehama tu kutoka ardhini hadi kwenye jani. Ukimkatia mbuzi, umemlisha. Ukichoma, unaivuta kwa moshi na majivu yanairudisha shambani. Ukifanya mboji, umeipanda upya. Majani yakatwe kwa glavu, yafungwe kwenye mifuko isiyotoboka, yapelekwe kunakopokewa taka za sumu. Kama huna pa kuyapeleka, usianze kupanda.

Tena ni kazi ya miaka. Huko Florida, katika jaribio moja la shambani, miaka 2 iliteremsha aseniki ya udongo wa juu kutoka miligramu 190 kwa kilo hadi 140. Na Malindi kuna jua kali: bila kivuli na maji, kangaga unakauka.

Tulipanda miche chini ya mwembe, ndani ya ua wa miiba ili mbuzi wasiingie. Mchicha wake tuliuhamishia upande wa pili wa nyumba, ambako vipimo vilikuwa safi. Aliniuliza kuhusu kisima. Mchanga hupitisha maji upesi, kwa hiyo nilijaza chupa mbili nikazipeleka maabara. Kikomo cha aseniki katika maji ya kunywa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni mikrogramu 10 kwa lita. Mpaka majibu yatoke, anachota kwa jirani.