Kutofautiana grupu la damu na wazazi hakumaanishi we sio mtoto wao

Kwenye hadithi za vijana kuna lile tukio, binti yuko kwenye kipindi cha baiolojia, anagundua yeye ni O wakati baba ni A na mama B, basi anarudi nyumbani analia, siri ya familia imefichuka. Wengi mtaani wanaamini hivyo hivyo, kwamba mtoto lazima achukue grupu la baba au la mama. Hata mimi niliamini.

Ila kila mtu ana jeni mbili za grupu (jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi), moja toka kwa kila mzazi, na ya O ikikaa na A au B haionekani. So baba A anaweza kuwa kabeba A na O, mama kabeba B na O, mtoto akachukua O zote mbili. Tena mzazi wa O na mwenzie wa AB kwa kawaida watoto wao ni A au B, hakuna anayefanana na mzazi hata mmoja!

Jaribu mwenyewe, chora mraba wa vyumba vinne, juu andika A na O, pembeni B na O, jaza kila chumba kwa herufi ya juu yake na ya pembeni yake, utapata AB, A, B na O. Mzazi akiulizwa na mtoto, mkae mchore wote, maana ukimfokea mtoto "nani kakuambia hayo" ndo anazidi kuwaza.

Ipo michanganyiko isiyotarajiwa kweli, mfano O na O kupata AB, ila kadi za zamani za grupu la damu huwa zinakosewa, mpime upya kwanza, na hata hapo kinachojibu kama ni mtoto wao ni kipimo cha DNA.